Mkono Unaoachia

Kitu cha kwanza kuniponyoka kilikuwa kikombe cha chai, nami nikakilaumu kikombe. Mshikio wake ulikuwa mwembamba, kama umetengenezwa na mtu ambaye hajawahi kunywa chai ya moto. Baadaye zikaniponyoka funguo mlangoni, nikailaumu mvua. Halafu ikaniponyoka pasi, ikiwa ya moto, ikatua karibu na mguu wangu na kuunguza zulia la plastiki, na hapo sikupata wa kumlaumu. Nilisimama katika chumba changu cha kushonea, huku Niboye, nchini Rwanda, nikautazama mkono wangu wa kulia namna ninavyomtazama mteja anayeniapia kwamba hajanenepa.

Mimi ni fundi wa nguo, na hasa ni mkataji. Kushona wengi wanajua. Kukata ni kitu kingine; ukishapitisha mkasi hakuna kuomba msamaha. Nilijifunza kazi hiyo Buyenzi, Bujumbura, nilikokulia kwa sababu wazazi wangu walikimbilia huko kutoka Rwanda, na huko ndiko nilikokiokota hiki Kiswahili pamoja na hasira zangu. Kwa zaidi ya miaka thelathini gumba langu la kulia limekaa ndani ya tundu la mkasi mzito wa chuma, likifungua na kufunga, tangu asubuhi hadi macho yanapochoka. Nimewakatia maharusi na shangazi zao mishanana, yale mavazi ya kufungwa begani tunayovaa kwenye sherehe, hariri ya kuteleza, satini ya kuteleza zaidi, na sikuwahi hata siku moja kulifikiria gumba. Nani hufikiria gumba?

Lilianza kuuma chini kabisa, kwenye kitako chake, pale linapokutana na kifundo cha mkono. Yalikuwa maumivu ya kuvuta, kama ya jino bovu. Halafu likaja na sauti. Jioni nikilizungusha nilisikia kitu kinasaga ndani, kwaru, kwaru, mfano wa bawaba iliyoingia mchanga. Kisha pakaota kinundu cha mfupa, kidogo, chenye pembe, ngozi yake inang'aa. Kila asubuhi nilikigusa kabla sijasali, kuona kama kimebaki vile vile au kimeongezeka. Niliogopa, na mimi nikiogopa huwa mkali, kwa hiyo wasichana wawili ninaofanya nao kazi walikiona cha moto miezi ile.

Sikuogopa kwa sababu ya mkasi. Niliogopa kwa sababu binti yangu, mtoto wangu wa pekee, alikuwa mjamzito. Anaishi Batsinda na mume wake, dereva wa malori ya masafa marefu, mtu mwema ambaye hayupo. Mimba ya kwanza ilikuwa imemtoka, na hii ya pili aliibeba kama anayepandisha trei ya mayai kwenye ngazi. Mama mkwe wake alishafariki. Kwetu, mtoto wa kwanza akizaliwa, bibi yake huhamia pale kwa wiki kadhaa. Ndiye anayemwogesha, ndiye anayemgorora, yaani kumkanda kwa siagi ya ng'ombe na kumnyoosha kiungo kimoja kimoja ili akue amenyooka. Mzazi mwenyewe hulala na kunyonyesha. Kazi hiyo haipewi mtu mwingine maadamu bibi yupo, na bibi alikuwa mimi.

"Mama, mimi mtoto mudogo namuogopa," aliniambia kwenye simu, si mara moja. "Nitamuangusha, ndiyo naota kila siku. Weye ndiyo utamushika, si ndiyo?"

"Nitamshika," nikamjibu, simu nikiwa nimeishika kwa mkono wa kushoto.

Kituo cha afya walinipa vidonge na jina. Jina lilikuwa rubagimpande, baridi yabisi ya viungo. Vidonge vilinichoma tumbo. Nikapewa karatasi ya kwenda hospitali kubwa, nikapigwa picha, na asubuhi moja nikakaa mbele ya daktari wa mifupa aliyekulia Uganda, kijana wa umri wa mwanangu, mwenye mikono safi kupita kiasi. Alilishika gumba langu, akalisukuma kuelekea kwenye kitako chake huku akilizungusha. Nilitaka kumzaba kofi. Badala yake nilisema "Yesu wangu" kwa sauti iliyowafanya watu wa kwenye korido wanyamaze.

"Ihangane, mukecuru, pole mama mzee. Nilitaka kusikia," akasema. Alikuwa ameisikia. Akainua picha kwenye mwanga. "Hii mifupa mbili, hapa katikati ingekuwa na nafasi. Iko gegedu, ndiyo inafanya iteleze. Yako imeisha. Mufupa iko nasugua mufupa."

"Itarudi?"

"Oya. Hairudi."

Alisema hivyo bila kutafuta maneno, nami nikamheshimu na kumchukia kwa wakati mmoja.

Akanieleza njia zilizopo, nami nazieleza kama nilivyozielewa, maana baadaye nilipata muda mwingi wa kuzifikiria. Unaweza kulipumzisha gumba: unatafuta mkasi wenye springi unaojifungua wenyewe, unashika vitu kwa kiganja kizima badala ya kubana kwa ncha za vidole, unavaa kigango cha plastiki chenye mikanda ili lisiyumbe. Unaongezea mazoezi ya kutia misuli nguvu, na dawa ya kupaka ambayo haikorogi tumbo kama vidonge. Watu wengi, alisema, huishia hapo na wanaishi vizuri tu. Hiyo haikunifurahisha kwa sababu ni ya polepole. Kuna sindano ya dawa inayochomwa ndani ya kiungo chenyewe. Hutuliza kwa wiki kadhaa, kwa wengine miezi, wengine haiwasaidii kitu, na haipigwi mara kwa mara. Halafu, kama yote hayo yameshindikana, kuna operesheni. Wanakitoa kimfupa kidogo kilicho chini ya gumba, chote, na pengine wanachukua ukano wa jirani na kulifungia gumba mahali pake. Mkono unafungwa wiki nyingi, na nguvu hurudi taratibu, kwa miezi.

"Mkitoa mfupa, mnaweka nini?" nikamwuliza.

"Hatuweki kitu. Inabaki nafasi."

Wazo la pango ndani ya mkono wangu lilinisisimua mwili vibaya. "Na lipi ni la haraka?"

"Sindano. Lakini sindano inanyamazisha, mukecuru. Haitengenezi."

"Basi tulinyamazishe," nikasema.

Sindano hizo zilikuwa na siku zake, na yangu ikaangukia wiki mbili na ushee kabla ya binti yangu kujifungua. Nilipoona tarehe zimekaa vile nikajua Mungu mwenyewe kazipanga. Muuguzi akanipa kigango na maagizo: nisije nikiwa na homa, na ngozi ya mkono iwe safi na nzima, isiwe na kidonda. Akaniuliza kama natumia dawa za kienyeji. Nikasema hapana, na siku hiyo ilikuwa kweli.

Binti yangu sikumwambia. Nilijiambia kwamba mwenye mimba hapewi habari za kumtia wasiwasi. Ukweli ni kwamba niliogopa angetafuta mtu mwingine.

Kigango nilikivaa kama nilivyoagizwa, isipokuwa mbele ya wateja, mbele ya majirani na kanisani, yaani sikukivaa. Mazoezi niliyafanya siku mbili. Dada mmoja wa hospitali alinifundisha kupinda gumba na kidole cha kwanza kama ninayeshika yai, nibaki hivyo nikihesabu, na mimi nilijiona mjinga, mwanamke mzima ninashika yai lisilokuwepo. Nikaacha. Shida kubwa ikawa salamu. Huku kwetu ukiingia chumbani unampa kila mtu mkono, hata wakiwa ishirini, na kwenye misa, wakati wa kutakiana amani, wanakubana kana kwamba wanataka kukukamua. Mtu mwenye mkono mchafu hutoa kifundo, wanakishika hicho, yanaisha. Nikaanza kutoa kifundo.

Mama mmoja ninayekaa naye benchi moja alinicheka. "Weye kila Jumapili unatoka kukanda unga?" Nami nikacheka. Baada ya misa akanifuata nje, na sasa hakuwa anacheka. Akauchukua mkono wangu, akakiona kinundu, akaniambia kuna mwanamke Kabuga anayeunga mifupa, aliyemtengenezea mume wake bega.

Wiki ile nilikuwa na kazi ya harusi, satini ya akina dada sita wa bibi harusi, na kila nilipofunga mkasi machozi yalinilengalenga. Sindano ilikuwa bado siku tano. Nikajisemea kwamba nikijitibu pande mbili, upande mmoja lazima utajibu. Nikapanda basi la Kabuga.

Nyumba yake ilikuwa nyuma ya soko, ua umefagiliwa mpaka ukawa mgumu kama saruji. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mkubwa kwangu kidogo. Hakuniuliza jina wala ugonjwa. Alifumba macho, akalipapasa gumba kutoka kwenye kucha hadi chini, akafika kwenye kinundu, akakaa hapo muda mrefu, hadi redio ya jirani ikamaliza matangazo na kuanza wimbo.

"Huyu mufupa iko nahama nyumba yake," akasema. "Imeshafika mulangoni. Siku moja utaituma, haitakusikia."

"Na dawa ipo?"

"Nitaiita irudi."

Akafungua wembe mpya mbele ya macho yangu, na akanichanja mara tisa kuzunguka kitako cha gumba, upesi upesi, kila chale ndogo kuliko punje ya mchele. Hizo tunaziita indasago. Akasugua unga mweusi ndani yake. Niliona nyota. Akanikataza maji kwa siku tatu, akaniaga bila kunishika mkono.

Hapa nataka nieleweke. Mimi si mjinga, na maneno ya muuguzi nilikuwa nayakumbuka vizuri: ngozi nzima, isiwe na kidonda. Lakini kwetu indasago si kidonda. Kidonda ni kitu kilichokupata kwa bahati mbaya. Indasago ni dawa, na chale ni mlango wake tu. Nilichanjwa kifuani utotoni kwa ajili ya kikohozi, nikachanjwa mgongoni baada ya uzazi, na sijawahi kuzihesabu alama hizo nikiulizwa kama nina kidonda. Muulize mtu yeyote wa umri wangu kati ya Kabuga na Bujumbura.

Siku mbili maumivu yalipungua kweli, nikaikata satini yote nikiimba. Siku ya tatu gumba likawa la moto. Chale saba zilikuwa zimekauka. Mbili zilikuwa zimevimba, na moja ilikuwa na jicho jeupe katikati. Nikaipaka mafuta na kuifunika na kigango.

Siku ya sindano daktari alikifungua kigango, akainama. Trei ilikuwa tayari mezani, imefunikwa kitambaa cha kijani.

"Hii ni nini, mukecuru?"

"Ni indasago tu."

"Tulikuuliza dawa za kienyeji."

"Mliniuliza siku ile. Siku ile sikuwa nazo."

Muuguzi akageukia ukutani, nadhani kuficha kicheko. Daktari hakucheka. "Hapa iko usaha. Nikipitisha sindano hapa, napeleka wadudu ndani ya kiungo. Usaha ikiingia ndani, kesho tunakupasua, na pengine si kidole tu tutapoteza." Akaisukuma trei mbali. "Utakunywa dawa ya usaha. Ngozi ipone kabisa, kabisa. Halafu tutapanga siku ingine."

"Lini?"

"Baada ya mwezi. Pengine mwezi na nusu."

Nikamwambia nina mtoto wa kuogesha. Nikamweleza yote, mimba iliyotoka, mkwe aliye barabarani, ndoto za binti yangu, na nikasikia sauti yangu inaanza kubembeleza, mimi ambaye sijawahi kumbembeleza mtu hata kwa kodi ya nyumba. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Basi usimushike peke yako," akasema. "Mwambie mukobwa wako, huyo binti, leo. Hii mukono haiumi tu, inaachia. Na siku itaachia, haitapiga hodi."

"Nitamwambia."

Nilikuwa hata nimeshatoa simu nilipofika kituo cha basi. Kwenye kioo kulikuwa na picha aliyonitumia asubuhi hiyo, nguo ndogo nyeupe amezikunja na kuzipanga juu ya kitanda, na chini yake ameandika: Mama, nakusubiri. Nikairudisha simu kwenye mkoba.

Alijifungua siku tisa kabla ya wakati, kwa kupasuliwa. Alikuwa mtoto wa kike, mwenye nywele nyingi na hasira ya ukoo. Walipotoka hospitali mimi nilikuwa tayari Batsinda na begi langu, nimefua, nimepika, nimepanga. Kigango kilikuwa chini kabisa ya begi, ndani ya kitenge. Mkwe wangu alikaa nasi siku tatu, akambusu kila mtu, akarudi barabarani. Binti yangu alikuwa na nyuzi tumboni, na alikatazwa kuinama au kubeba chochote kizito kuliko mtoto wake. Tukabaki watu watatu, na mmoja wao alikuwa na mikono ya kutegemewa na wenzake, au hivyo walidhani.

Siku tatu za kwanza niliogesha vizuri. Hilo nalo liandikwe. Nilimeza vidonge, tumbo na liume, nikamlaza mtoto kwenye mkono wa kushoto na kumwosha kwa wa kulia, taratibu. Kazi ilikuwa kumgeuza. Ukimaliza kifua unamwegemeza kwenye kigasha cha mkono wa kulia, vidole vyako chini ya kwapa lake na gumba juu ya bega, ndipo unamwosha mgongo. Pale gumba ndilo linaloshika. Kila asubuhi, kwenye kumgeuza, niliacha kupumua. Mtoto alinikodolea yale macho ya wachanga yasiyoona mbali, na mimi nilisikia kule ndani mifupa ikisagana.

Siku ya nne gumba liliachia.

Halikuuma kwanza. Nimelifikiria sana jambo hilo. Nilimgeuza, kulikuwa na sabuni, na pale palipokuwa na gumba hapakuwa na kitu. Bega likapita. Uso wa mtoto ukaingia majini, nikauona mgongo wake mwekundu na nywele zikielea. Mkono wa kushoto ulimnyakua. Sijui ilichukua muda gani, labda muda wa kumwita jina mara moja, ila sikumwita. Alitoka majini kimya. Hicho ndicho kinachonirudia mpaka leo, ukimya ule. Halafu akakohoa, akatema maji, akalia.

"Mama, iko sawa?" binti yangu akaita kutoka chumbani.

"Anaogopa maji tu," nikajibu.

Sauti yangu ilitoka nzuri kabisa, tulivu, ya bibi. Nikamkausha, nikamfunga, nikampeleka anyonye. Niliporudi kumwaga maji, nilikaa sakafuni kando ya beseni. Nilijichukia. Siku nzima nilimwinamia mtoto kila alipolala, nikisikiliza kama kifua chake kina maji, mpaka binti yangu akanitania.

"Mama, unamupenda hivyo? Mutu angekuona angesema ni weye umemuzaa." Akacheka, akashika tumbo lake kwa maumivu ya kucheka. Halafu akasema maneno ambayo ningeona afadhali anitukane. "Kama si weye ningekufa na woga. Weye ukiwa hapa, mimi narara usingizi."

Asubuhi iliyofuata nilitenga maji, nikapima joto kwa kiwiko, nikamvua mtoto nguo. Nikasimama nimemshika juu ya beseni. Nilijaribu kupiga moyo konde, na moyo ukakataa, nao siku hiyo ulikuwa na akili kuliko mimi. Nikamwita binti yangu. Akaja akijishikilia ukutani.

"Mchukue mtoto," nikasema. "Mkono wangu unaachia."

"Unaachia namna gani?"

"Unaachia vitu. Ni miezi sasa. Nilikuficha."

Aliutazama mkono, kinundu, makovu meusi ya indasago. Kisha akalitazama beseni. Nikaona jambo lenyewe likimfikia polepole usoni.

"Jana," akasema. "Jana alikohoa."

"Ndiyo."

"Uliniambia anaogopa maji."

"Ndiyo, mwanangu."

Nilisubiri apige kelele. Ningeshukuru. Alinyoosha mikono, akamchukua mtoto, akaweka sikio kwenye kifua chake akasikiliza kwa muda mrefu. Halafu mwanamke huyu aliyekuwa akiota kila siku kwamba atamwangusha alipiga magoti mbele ya beseni, na nyuzi zake, ameuma meno, akamwosha mtoto wake mwenyewe. Mimi nilishika taulo. Alipomgeuza alitoa mguno mdogo, na hakuna nilichoweza kufanya. Alipoinuka kulikuwa na tone la damu kwenye gauni lake, pale tumboni. Siku iliyobaki tuliongea habari za chakula.

Miezi imepita. Ngozi ilipona, sindano nikachomwa, na kweli ilinyamazisha. Wiki kadhaa nilikata nguo kama zamani, kisha maumivu yakarudi kwenye kiti chake. Sasa kigango nakivaa mbele ya watu wote, na mkasi wangu ni wa springi, na vinanisaidia zaidi ya nilivyotaka kukubali. Kwa kazi nzito havitoshi, kwa hiyo operesheni imepangwa. Nimekubali wakitoe hicho kimfupa. Daktari anasema mkono unaweza kushika vizuri tena, ingawa hataki kuniahidi, na huyo kijana nimejifunza kumwamini kwa sababu hajawahi kuniambia kitu kitamu. Mjukuu wangu ni mzima. Ana meno mawili, na anayapenda maji kupita kiasi.

Binti yangu hajawahi kulitaja jambo lile. Ananipigia simu kila siku, ananiita nikale kwake, ananitania kuhusu unene wangu. Jumapili iliyopita nilikwenda Batsinda, na kabla sijakaa nikanyoosha mikono nimpokee mtoto. Akanipa mara moja, akitabasamu, huku anaendelea kunisimulia kisa cha jirani yake na bomba la maji. Mtoto amenenepa, tena sana, lakini mikononi mwangu sikuhisi uzito wowote. Nikatazama chini. Mikono ya mama yake ilikuwa bado pale, chini ya mikono yangu, na ilibaki hapo muda wote aliokuwa akiongea.